UZI: Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, matokeo ya fom foo yametoka, usiiache kombi ya mtoto ibaki ile aliyojaza mwaka jana

BintiNewala

Habari za usiku wanajukwaa. Niko zamu kituo cha afya, wagonjwa wametulia, nimeona nitumie saa hii kuandika kitu ambacho kimenikaa moyoni miaka mingi, na safari hii mdogo wangu wa mwisho kamaliza fom foo kwa hiyo kimeamka upya. Uzi utakuwa mrefu, nivumilieni.

Mimi ni tabibu. Nilimaliza fom foo 2016, shule ya kata huku kwetu, divisheni tuu ya pointi 20. Baiolojia B, jiografia B, Kiswahili B, kemia C, Kingereza C, fizikia D, hesabu D. Toka niko darasa la tano nasema nataka kuwa daktari, nyumbani wanaijua hiyo, mtaani wanaijua, bibi alikuwa ananiita dokta hata nikiwa natwanga. Sasa wakati tunajaza Selform, ile fomu ya kuchagua kombi (masomo matatu ya fom faivu na sita) na vyuo, mwalimu mmoja akaniambia wewe fizikia inakusumbua, jaza CBG (kemia, baiolojia, jiografia), hiyo nayo ni sayansi, udaktari utaenda tu. Sikuuliza zaidi na nyumbani hakuna aliyekuwa na la kuuliza, baba alipewa ile fomu akaishika mikono miwili kama cheti cha ndoa, akaniuliza "hapa nasaini wapi", akasaini.

Nikapangiwa CBG shule ya bweni mkoa mwingine. Miaka miwili nimesoma kweli kweli, enzi zetu ada ya bweni bado ilikuwepo, 70,000 kwa mwaka (imefutwa kuanzia 2022/23), ukiongeza nauli na michango na sabuni ni hela ya mtu anayeamka saa kumi kwenda kupulizia mikorosho salfa. Msimu wa 2018 hela ya korosho ilichelewa nyumbani, mama akauza mbuzi wawili ili nirudi shule Januari. 2019 nikamaliza, C ya baiolojia, C ya jiografia, D ya kemia. Kwetu wakapika pilau.

Wiki ile ile nikaenda steshenari moja karibu na stendi kuangalia kozi za vyuo. Yule kijana akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe. Nikatafuta udaktari wa binadamu. Nikaweka kidole kwenye mstari ili nisiruke. Fizikia, kemia, baiolojia, kila moja isiwe chini ya D, na jumla isipungue pointi 6. Nikasoma mara ya pili nikidhani labda kuna "au" mahali. Hakuna "au". Nikamlipa kijana wa watu shilingi mia tano yake nikatoka, na nakumbuka nilikaa kwenye kibao cha muuza ming'oko mpaka akaniuliza kama naumwa.

Kilichoniokoa ni tabibu mmoja mzee aliyekuwa anamtibu bibi. Aliniambia lete cheti chako cha fom foo, sio cha fom sita. Akaangalia akasema mbona wewe ulikuwa na sifa za diploma ya utabibu tangu siku ile, wanataka D nne na ndani yake ziwemo kemia, baiolojia na fizikia, wewe unazo zote. Yaani ile D ya fizikia niliyokuwa naionea aibu ndiyo iliyonifungulia mlango, na ningeweza kuingia nao 2017. Nilisoma miaka mitatu, nikamaliza, leo nachoma sindano na kuandika dawa. Siilaumu CBG, kombi nzuri, watu wanaenda nayo mazingira, misitu, kilimo, ualimu wa sayansi. Ila mimi sikutaka hivyo vitu, na hakuna aliyenionyesha kwamba njia niliyoshika haifiki ninakokwenda.

Kwa hiyo ombi langu kwa mzazi au kaka au shangazi mwenye mtoto aliyemaliza ni hili. Usianze na kombi. Anza na kozi ya chuo, fungua kitabu cha mwongozo cha TCU, tume ya vyuo vikuu (kipo bure mtandaoni, kinatoka kila mwaka), tafuta ile kozi, soma masomo wanayoyataka, halafu ndio urudi nyuma mpaka kwenye kombi, halafu ndio uangalie matokeo ya mtoto kama yanaibeba. Watu wengi wanakwenda kinyume chake, wanaangalia matokeo kwanza, wanachagua kombi inayofanana nayo, na kozi wanaiacha ijitokeze yenyewe miaka miwili baadaye.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi huku hawalijui. Ile Selform aliyojaza mtoto shuleni kabla ya mtihani inabadilishwa. Matokeo yakishatoka TAMISEMI wanafungua mfumo, mtoto anaingia kwa namba yake ya mtihani anabadilisha kombi na vyuo alivyochagua. Dirisha likifungwa limefungwa. Ni bure, kwa simu yenye intaneti inawezekana. Kama unaenda steshenari nenda na mtoto mwenyewe mkae wote mbele ya kioo, msimwachie mtu karatasi mkaenda sokoni, nimeona mtoto wa jirani kajaziwa HGL na alitaka HGE, herufi moja tu, lakini uchumi na lugha ni barabara mbili tofauti.

Kingine. Tangu 2024 tahasusi, yaani kombi, zimeongezwa mpaka kufika 65, wengi bado tunazijua zile za zamani tu, PCM PCB CBG EGM HGL HGK HKL ECA HGE. Zimeingia za michezo, sanaa, dini, biashara. Nzuri, lakini kila unapoiona mpya fanya lile lile, iulize inakwenda kozi gani chuoni, na ipo shule zipi.

Kwenda fom faivu serikalini mtoto anatakiwa awe na C tatu au zaidi (dini haihesabiwi) na pointi za masomo saba zisivuke 25. Akiwa nazo furahini, ila sio lazima aende. Kama ndoto yake ni uuguzi, utabibu, maabara, famasi, na hali ya nyumbani ni ngumu, diploma ya miaka mitatu inampa kazi mkononi mapema na mlango wa digrii haujafungwa. Mimi mwaka huu naomba digrii ya udaktari kupitia diploma. Wanataka GPA isiyopungua 3.0, nami ninayo, halafu wanarudi tena kwenye cheti cha fom foo, wanataka angalau D ya hesabu, fizikia, kemia, baiolojia na Kingereza. Someni tena hapo. Hesabu. Nina rafiki yangu tulisoma naye diploma, anafanya kazi vizuri kuliko mimi, mikono yake kwenye kuzalisha akina mama ni ya dhahabu, hawezi kuomba kwa sababu ya F ya hesabu ya fom foo. Anajiandaa kurisiti Novemba na ana watoto wawili.

Nitarudi kujibu, kuna mama analeta mtoto ana homa.

MzeeWaSalfa

Binti nimesoma yote. Mimi niko Tandahimba, mkulima. Kijana wangu kapata baiolojia B, kemia C, fizikia C, hesabu D. Kwenye fomu alijaza HGK ya kwanza nikamuuliza kwa nini ananiambia rafiki zake wote wamejaza hiyo. Yeye toka mdogo anapenda mambo ya mikorosho, walikuja wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo Naliendele siku moja shambani kutuonyesha ubwiriunga (ugonjwa wa mikorosho), aliwafuata nyuma mti kwa mti mpaka jua linazama anauliza maswali. Sasa HGK itamfikisha kwa wale? Na mimi wasiwasi wangu mwingine ni hela, korosho nimeshauza zote na shule inafunguliwa Julai.

BintiNewala

Shikamoo mzee wangu. Mtoto wa homa tumempima ni malaria, kapata dawa, wapo hapa wanasubiri kupambazuke.

HGK haimfikishi kwa wale mzee. Ni historia, jiografia na Kiswahili, inampeleka ualimu, sheria, utawala, habari, kazi za heshima kabisa ila yule anayekagua majani ya mkorosho amesoma baiolojia na kemia. Kijana wako ana C ya fizikia, hiyo mwache asiichezee. PCB (fizikia, kemia, baiolojia) ingemfaa sana maana inamwachia kilimo na inamwachia afya na mifugo kama atabadili mawazo, na watoto hubadili. CBG na CBA (hii A ni kilimo) nazo zinaenda kilimo pale SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro. Na kama hataki fom faivu kabisa kuna chuo cha kilimo cha serikali hapo hapo Naliendele, anatoka nyumbani anasoma karibu, anafanya kazi kwenye zao analolijua tangu anatambaa. Mkae naye jioni mmoja mmuulize yupi kati ya hao anataka kuwa, anayefanya utafiti au anayetembea na wakulima. Halafu mbadilishe kabla dirisha halijafungwa.

Hela. Hili mzee najua linavyouma. Sisi watu wa korosho hela yetu inaingia kuanzia Oktoba mpaka Januari, na shule inaita Julai wakati mikorosho bado iko kwenye maua. Hapo ndipo watu wanapoingia kangomba, unauza gunia ambalo bado liko juu ya mti kwa bei ya kutupa ili mtoto apate godoro. Usifanye hivyo mzee wangu kama kuna njia nyingine yoyote. Kama una ufuta hata eka moja, minada yake inaanza kama Juni, hiyo ndiyo hela ya fom faivu. Na vitu vingine anza kununua sasa hivi kimoja kimoja, ndoo, shuka, madaftari, sanduku, vile ambavyo shule zote wanaomba. Ada hamna siku hizi, kinachobaki ni vifaa, michango iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, na nauli.

FundiGesi_Mikindani

Dada umenigusa. Naomba niongeze upande wangu kwa wale wenye watoto wa hesabu. Mimi ni wa kizazi cha gesi. Miaka ile bomba linajengwa kwenda Dar, kila mtu Mtwara alikuwa anasema soma PCM (fizikia, kemia, hesabu), soma PGM (fizikia, jiografia, hesabu), kampuni zinakuja, tutaajiriwa wote. Darasa letu lilijaa. Nikaenda PGM, nikasoma mambo ya miamba na mafuta chuo, nikamaliza, bomba lenyewe lilishakamilika 2015. Mtambo wa gesi kama wa Madimba ukishasimama hauhitaji watu wengi, wakati wa ujenzi ndio kulikuwa na ajira nyingi na hizo zilikuwa za mafundi, wachomeleaji, umeme, mabomba. Nimekaa miaka mitatu natuma barua za kazi. Mwisho nikaingia VETA hapa hapa Mtwara, umeme wa majumbani, na hicho ndicho kinanilisha, nina vijana wanne nafanya nao kazi.

Sisemi msisome PCM. Nasema ukichagua kozi usichague ile yenye jina la mradi mmoja. Leo naona Lindi wanasema ile gesi ya kusindika itajengwa Likong'o na watoto wameanza tena. Sawa, ikijengwa tutafurahi wote, lakini mtoto asome uhandisi wa umeme au mitambo au ujenzi, hiyo mradi ukija anaingia na mradi usipokuja anakwenda kwingine. Kozi nyembamba sana ni kama kumpa mtoto funguo ya nyumba moja ambayo haijajengwa.

Na wazazi acheni kuona VETA ni ya walioshindwa. Kuna kijana nilisoma naye alifeli fom foo akaenda VETA moja kwa moja, tulipokutana mimi natafuta kazi yeye alikuwa ndiye anayehoji mafundi.

TichaMtama

Habari zenu. Mimi mwalimu huku Lindi, nafundisha hesabu. Alichosema BintiNewala kuhusu F ya hesabu nakiona kila mwaka na kinaniumiza. Mtoto akifika fom tuu anajiambia mimi sio wa hesabu, anaiacha, mzazi anasema hata mimi sikuziweza, inaisha hapo. D ni alama 30 tu! Ukisoma vizuri mada chache, seti, takwimu, hesabu za biashara, jometri ya mwanzo, kila siku swali moja, 30 inapatikana bila kuwa na kipaji chochote. Hiyo 30 ndiyo inayomruhusu kesho kuomba kozi ambayo leo hajui kama ataitaka.

Mengine nitaandika haraka maana nina vipindi asubuhi.

CHETI CHA KUZALIWA. Hili kusini ni janga. Mkopo wa elimu ya juu bodi inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, sasa mtoto anafika fom sita ndio nyumbani wanaanza kutafuta. Na majina! Kwenye cheti Mohamedi, shuleni Muhamed, matokeo Mohamed. Cheti kina jina la babu, shuleni ametumia la mjomba aliyemlea. Kila herufi ni safari ya wilayani, hati ya kiapo, nauli. Nimeona binti ana pointi nzuri anachelewa kuomba mkopo kwa sababu ya herufi H. Fanyeni akiwa fom wani, akiwa fom tuu kabla hajasajiliwa mtihani mwalimu bado anaweza kurekebisha, baada ya hapo ni mzigo. Kama mzazi mmoja amefariki tafuteni na cheti cha kifo kabisa, nacho kinahakikiwa.

Mkopo siku hizi na diploma wanapewa, tangu 2023/24, kwa fani za kipaumbele kama afya, kilimo na mifugo, nishati, ualimu wa sayansi na hesabu. Mzee wa Tandahimba kijana wako akienda diploma ya kilimo aliangalie hilo.

MAHAFALI. Nayapenda, mtoto kavaa joho mama anapiga vigelegele, ni siku yake. Ila yanafanyika Septemba au Oktoba, mtihani Novemba, na nawaona wazazi wanakopa kwa ajili ya keki na suti na mapambo, halafu Julai hakuna godoro. Mwaka jana mzazi mmoja alinifuata akasema mwalimu mimi sina hela ya zawadi nitampa nini mwanangu. Nikamwambia mpeleke RITA. Alikuja siku ya mahafali na bahasha, ndani cheti cha kuzaliwa kimewekewa plastiki, kaka zake wamemvika mgolole na maua kama wengine, na yule mtoto alipokifungua alilia.

Kurisiti: msiogope. Mtoto aliyekosa somo moja anajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, anafanya Novemba, anaendelea na maisha. Ila usajili ni mwanzoni mwa mwaka, sio Oktoba.

MamaSwaumu_Nachingwea

Asante walimu. Mimi wangu bado, shule yao imeingia huu mkondo wa amali ulioanza 2024, anasoma na ushonaji. Shangazi zake wananiambia nimhamishe kwani amali ni ya wasiojua kusoma. Nifanyeje?

TichaMtama

Mama usimhamishe kwa maneno ya watu. Amali anasoma masomo ya kawaida na fani juu yake. Nenda shuleni uulize masomo gani ya jumla anayasoma pamoja na ushonaji, na kama yanamtosha kwa anachotaka baadaye. Muulize na yeye anapenda. Akisema anapenda muache.

MamaSwaumu_Nachingwea

Anapenda sana, kanishonea na gauni. Namuacha.

MzeeWaSalfa

Wanajukwaa nimerudi, siku nne zimepita. Jana jioni nilimkalisha kijana nje chini ya mkorosho, simu ya dada yake. Nikamuuliza kama binti alivyosema, unataka kuwa yupi. Akanyamaza muda mrefu kisha akasema baba nataka kuwa yule aliyekuwa anakata tawi na kulitia kwenye mfuko anaandika namba. Yule alikuwa mtafiti. Basi tumefungua wote wawili, namba ya mtihani aliisoma mwenyewe mimi naangalia kwenye karatasi nisikosee, tumeondoa HGK tumeweka PCB ya kwanza na CBG ya pili, na kwenye vyuo tumeweka cha kilimo. Mke wangu alikuwa anatuangalia toka jikoni anauliza mnasoma nini humo muda wote huo.

Ufuta ninao eka moja na nusu, huo nimeuandika jina lake.

Cheti cha kuzaliwa hana. Kesho naenda wilayani.

BintiNewala

Mzee wangu umenifurahisha, ningekuwa karibu ningekuja kukupa mkono. Kesho beba kadi yake ya kliniki kama bado mnayo, cheti chake cha darasa la saba kama kipo, na kitambulisho chako na cha mama yake. Na kabla hujaondoka nyumbani mwandikie kijana jina lake kwenye karatasi kama lilivyo kwenye matokeo, herufi kwa herufi, uwape hiyo karatasi waandike kama ilivyo.

MzeeWaSalfa

Kadi ya kliniki mama yake anayo, ameitunza kwenye mfuko wa khanga toka kazaliwa. Naondoka na basi la alfajiri.